Perege darasani sawa, mtoni hapana

Kuna shule Marekani ambako mayai ya trauti, samaki wa maji baridi, huletwa darasani, yakaanguliwa ndani ya tangi la maji yaliyopoozwa, na watoto wakalea vifaranga kwa miezi kadhaa. Siku ikifika, wote hupanda basi kwenda kuwaachia mtoni. Nikiulizwa kama jambo hilo linafaa shule ya msingi ya hapa Moshi, nitasema tangi lije, ila liwe la perege. Ugomvi wangu ni na lile basi.

Tangi lina mambo. Perege jike hubeba mayai yake mdomoni, na hata vifaranga wakishaanguliwa hukimbilia humohumo wakishtuka. Mtoto aliyeliona hilo pua ikiwa imebanwa kwenye kioo hahitaji kuchorewa ubaoni. Tena yule mwenye huruma, anayemwaga konzi nzima ya chakula, kesho atawakuta samaki wanahema juujuu: masalia yameoza, maji yamejaa amonia yenye sumu. Hapo ndipo atakapoelewa taka zinaufanyia nini mto Karanga.

Usumbufu upo. Maji ya bomba yenye klorini lazima yalale kwenye ndoo kwanza. Perege hupenda nyuzi 25 hadi 30, na baridi ya Julai tunaijua. Umeme ukikatika Ijumaa jioni pampu ya hewa inasimama, na Jumatatu darasa linapokewa na harufu. Kuna atakayesema hela hiyo ingenunua madawati; simlaumu, ingawa kibwawa cha uani chenye samaki wachache hakihitaji pampu.

Sasa lile basi. Maji ya Karanga, Rau na Weruweru huishia bwawa la Nyumba ya Mungu, kisha mto Pangani. Bonde hilo lina perege wake wa asili, wakiwemo wa Ziwa Jipe. Ziwa Chala lina aina yake isiyopatikana kwingine duniani, nayo iko hatarini kutoweka. Lakini vifaranga wanaouzwa kwa wingi na wafugaji ni sato, aina ya perege aliye mgeni katika bonde hili, na sato huzaa na perege wenyeji hadi damu ikachanganyika. Mwanafunzi akimwachia sato mtoni huku wenzake wakipiga makofi, ameharibu kilekile alichofundishwa kukilinda. Sangara naye alipandikizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, na ngege, perege wa asili wa pale, hawakurudi kuwa kama zamani. Hata trauti wa mito ya Kilimanjaro waliletwa enzi za ukoloni, watu wajifurahishe kwa ndoana.

Kwa hiyo mtoni watoto waende, lakini mikono mitupu: wachote maji kwa ndoo, watazame kilichomo, wakirudishe palepale. Na wale samaki wa shuleni wakishakua, njia ni mbili tu, kwa mfugaji au jikoni. Aliyempa wake jina atalia mafuta yakianza kuchemka. Mwalimu ajiandae.