Mtoto ana pumu ya ngozi, msimnyang'anye mama dagaa wake

Kwa wiki 5 nilikula ugali wa muhogo na mchicha wa kuchemsha kwa chumvi, mchana na usiku, nikiwa nanyonyesha, katika mji ambao dagaa wakianikwa harufu yake inakufuata mpaka kitandani. Sikuwa mgonjwa wala sikukosa pesa. Mwanangu alikuwa na miezi 3, mashavu yake yamechubuka, na kila aliyeingia nyumbani kwetu hapa Ujiji aliyatazama yale mashavu, kisha akanigeukia mimi: "Unakula nini, wewe?"

Mama mkwe alisema ni dagaa. "Mwanangu, hao dagaa unaokula ndio wanaomwasha mtoto." Jirani akasema mayai. Wifi yangu akasema karanga, na mgeni mmoja wa msibani, hata simfahamu, akataja maharage na maziwa. Niliacha vyote. Walikuwa wanampenda mtoto, na mimi nilikuwa tayari kula hata mchanga kama ungemponya. Nikapungua mpaka nguo za kabla ya ujauzito zikawa zinanipwaya. Nikisimama ghafla naona giza. Na mashavu ya mtoto hayakubadilika hata siku moja.

Ninachotaka kusema ni hiki: mtoto anayenyonya akipata pumu ya ngozi, kinachotibiwa kwanza ni ngozi yake. Sahani ya mama inafuata baadaye, kukiwa na sababu, na kwa utaratibu. Huku kwetu tunaanza na sahani, tunaishia hapohapo, na mama anadhoofika bure.

Shida inaanzia kwenye jina. Wengine wanasema pumu ya ngozi, wengine ukurutu, lakini mtaani kila kinachowasha kinaitwa upele. Upele wenyewe ni ugonjwa mwingine. Unaletwa na vidudu vinavyochimba ngozi, unaambukiza, nyumba nzima inajikuna usiku, na kwa mtoto mchanga unatoka hata viganjani na kwenye nyayo. Pumu ya ngozi haimwambukizi mtu. Zahanati ya kwanza niliyokwenda tulipewa BBE, dawa ya upele, nikaambiwa nimpake kuanzia shingoni kushuka chini. Dawa ile inauma hata kwenye ngozi nzima, sembuse iliyochubuka. Alilia mpaka sauti ikakatika, mdomo uko wazi na hakuna kinachotoka, na mimi nimemshika mikono nikidhani namtibu. Lingetosha swali moja tu siku ile: kuna mwingine nyumbani anayejikuna? Hakuwepo.

Halafu kuna suala la rangi. Picha nyingi za ugonjwa huu ni za watoto weupe wenye mashavu mekundu, kwa hiyo mama anatafuta wekundu na haoni. Kwa watoto wetu sehemu iliyowaka huwa ya kijivu, au ya zambarau, au inakuwa nyeusi kuliko ngozi ya pembeni. Mara nyingi vinatoka vipele vidogo vigumu kwenye vinyweleo. Ukipitisha kiganja juu ya tumbo unahisi kama mchanga umeganda. Ikipoa inaacha mabaka, meupe au meusi, yanayokaa miezi. Watu wakiyaona wanasema dawa imemchoma mtoto. Hapana, ni alama za moto uliokwisha kuzimika. Kitu kingine cha kutazama ni sehemu ya nepi: mwili mzima umekauka, lakini pale mara nyingi ngozi inabaki laini.

Chanzo ni ngozi yenyewe. Ngozi ni ukuta, na wa mtoto huyu una nyufa: maji ya mwilini yanatoka, vumbi na sabuni vinaingia, kinga ya mwili inashtuka, panawasha, anajikuna, nyufa zinaongezeka. Mwaka 2006 watafiti wakiongozwa na wa Dundee, Scotland, walionyesha kwamba hitilafu katika jeni ya filagrini, protini inayosaidia kujenga ukuta huo, ni sababu kubwa ya ugonjwa huu kwa watu wa Ulaya. Kwa Waafrika hitilafu zilezile hazionekani sana, lakini asili ya kurithi ipo: pumu ya kifua, mafua ya mzio (aleji) na pumu ya ngozi hutembea pamoja katika ukoo. Baba wa mwanangu aliugua pumu utotoni. Mama yake mwenyewe ndiye aliyekuwa akimkimbiza hospitali usiku. Katika wiki zile zote za kuhesabu nilichokula, hakuna aliyelikumbuka hilo, hata mimi.

Daktari aliyetusaidia hatimaye hakuniuliza chakula. Aliniuliza namwogesha vipi.

Nikamweleza: mara tatu kwa siku kwa sababu ya joto, sabuni ya mche mwili mzima, nasugua mpaka ngozi inalia, kisha mafuta ya mtoto yenye harufu nzuri. Akaniambia tuyabadili yote manne. Maji ya bomba tunayotumia Kigoma yanatoka ziwani, na Ziwa Tanganyika lina ualikali: pH yake, yaani kipimo cha asidi na alkali ambacho 7 ni katikati, inakaribia 9. Sabuni ya mche nayo iko hukohuko au juu zaidi, wakati ngozi yenye afya inataka kitu kama 5. Maji hatuwezi kuyabadili, ila tunaweza kupunguza muda na sabuni. Kwa hiyo: mara moja kwa siku, maji ya uvuguvugu, dakika 5, sabuni kidogo makwapani na kwenye nepi tu. Ukimtoa usimfute kwa kusugua, mguse kwa kanga laini ya pamba iliyosuuzwa vizuri. Ngozi ikiwa bado ina unyevu, ndani ya dakika 3, mpake mafuta ya mgando yasiyo na harufu, mengi, mpaka ang'ae. Rudia hata mara tatu nne kwa siku bila kumwogesha.

Someni kopo. Mengi yenye picha ya mtoto anayecheka yana manukato. Lile la kawaida lisilo na harufu bei yake haifiki hata robo kilo ya dagaa wetu.

Na msimpake chakula kwenye vidonda. Nilishauriwa maziwa mabichi, nikashauriwa samli, nikashauriwa mafuta ya karanga. Mwaka 2003 watafiti wa Uingereza walionyesha kwamba watoto waliopakwa mafuta ya ngozi yenye karanga ndani yake walikuwa katika hatari zaidi ya kupata mzio wa karanga. Wataalamu wengi leo wanaamini kwamba chakula kikiingilia kwenye ngozi iliyochubuka, kinga inakiona adui, na kikipita mdomoni mwili unakizoea. Sisi tulikuwa tunafanya kinyume: tunampaka mtoto vyakula vilevile tunavyomkataza mama yake kula.

Kuhusu dawa ya kupaka, nitasema kwa uchungu kidogo. Kabla ya daktari huyo niliuziwa dukani tubu moja, "hii inatibu kila kitu". Ndani yake kulikuwa na steroidi kali (dawa ya kutuliza uvimbe na mwasho), dawa ya fangasi na ya bakteria, zimechanganywa. Siku ya pili mashavu yalikuwa safi, nikamshukuru Mungu. Nilipoacha yakarudi mabaya zaidi, nikanunua tena. Steroidi kali usoni kwa mtoto mchanga hupunguza unene wa ngozi, na huingia mwilini. Najuta kila tone. Lakini sitaki mama yeyote asome hapa akaogopa steroidi zote. Tulichopewa na daktari ni haidrokotisoni ya asilimia 1, ambayo ni nyepesi, kiasi kidogo, kwenye sehemu zilizowaka tu, mara mbili kwa siku, kwa siku alizotuhesabia, kisha tuache. Ilifanya kazi. Kumwacha mtoto ajikune mpaka damu kwa kuogopa dawa nyepesi ni kumtesa. Vikitoka vidonda vyenye ute wa manjano unaoganda kama asali, au malengelenge na homa, usipake chochote, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Wiki hiyohiyo nilianza kula dagaa, kwa mawese, na ugali wangu. Daktari aliniagiza nile. Siku ya kumi mtoto alilala saa 6 mfululizo bila ule mlio wa kucha kwenye shuka ambao nilikuwa nausikia hata nikiwa sokoni. Asubuhi niliikagua ile kanga anayolalia: siku zote ilikuwa na vidoa vidogo vya damu upande wa shavu la kushoto. Siku hiyo haikuwa na hata kimoja.

Je, chakula cha mama hakihusiki kamwe? Kinahusika mara nyingine, na sitalificha. Chembe za protini za maziwa ya ng'ombe, mayai na karanga hupita kwenye maziwa ya mama. Ikiwa ngozi imetunzwa vizuri kwa wiki kadhaa na bado inawaka vibaya, au mtoto ana damu kwenye choo, anatapika sana, uzito kwenye kadi ya kliniki umesimama, hapo kuna sababu ya kushuku. Lakini kuna namna yake. Unaondoa kitu kimoja, kwa wiki 2 hadi 4, kisha unakirudisha. Kurudisha ndiko kunakokupa jibu. Ngozi hii hupanda na kushuka yenyewe, kwa hiyo ukiacha chakula wiki ambayo ilikuwa inashuka, utakilaumu chakula hicho maisha yako yote. Nilijaribu hivyo kwa maziwa ya ng'ombe. Nilipoyarudisha hakuna kilichotokea, nikaendelea na chai yangu ya maziwa.

Mnaomkataza mama vyote kwa pamoja, mfikirie jambo hili. Mama anayenyonyesha anahitaji takribani miligramu 1,000 za madini ya chokaa (kalsiamu) kwa siku. Wengi wetu tunayapata kwenye maziwa, na kwenye dagaa kwa sababu tunawala na mifupa yao. Ukiondoa vyote viwili umemwacha na nini? Na kumwambia "maziwa yako mabaya, mpe ya kopo" ni kosa kubwa kuliko yote: maziwa mengi ya kopo ni ya ng'ombe. Hata ya mbuzi hayasaidii, protini zake zinafanana mno na za ng'ombe.

Mzio wenyewe tuliuona mtoto alipokula kwa mdomo wake. Alikuwa na miezi 7. Nilimpa yai la kuchemsha, kijiko kimoja. Haikupita dakika 10, yakatoka mabaka yaliyovimba kuzunguka mdomo, yakashuka shingoni, kama ameng'atwa na siafu, kisha akatapika. Hakubanwa pumzi. Tulipanda bodaboda tukafika hospitali, na mabaka yakaisha. Mzio wa ghafla uko hivyo, unakuja ndani ya dakika chache hadi saa 2, haukuachi ubahatishe. Midomo ikivimba, akikoroma au kulegea, usisubiri kuona kama itapoa. Watoto wenye pumu ya ngozi nzito wako katika hatari kubwa zaidi ya mzio wa chakula, ndiyo maana naeleza kwa kirefu. Na mimi nilikuwa nimerudia kula mayai kabla ya hapo, ngozi yake ikiwa shwari.

Alipofikisha miezi 9, shangazi mmoja akasema asichomwe chanjo ya surua kwa kuwa ina yai. Niliogopa kweli. Muuguzi wa kliniki alinituliza: chanjo ya surua na rubela hupewa watoto wenye mzio wa yai bila shida. Akachomwa, tukakaa pale nusu saa, tukarudi nyumbani.

Sasa uji wa lishe. Ule unga wetu wa mahindi, ulezi, soya, karanga, ngano, na wengine wanasaga na dagaa humohumo, ni chakula kizuri na sikatazi. Kwa mtoto mwenye pumu ya ngozi, ombi langu ni kwamba msianze na mchanganyiko. Akidhurika utajuaje ni kipi kati ya sita? Baada ya miezi 6 mpe uji wa nafaka moja, kisha ongeza kitu kimoja, subiri siku mbili tatu, ongeza kingine. Karanga msizicheleweshe kwa woga. Mwaka 2015 Gideon Lack na wenzake wa London walitoa matokeo ya watoto 640 wa miezi 4 hadi 11 waliokuwa na pumu ya ngozi kali au mzio wa yai: waliokula karanga tangu uchanga walipata mzio wa karanga kwa kiasi cha asilimia 80 pungufu kuliko waliozuiwa. Mtoto wa aina hiyo aonwe na daktari kwanza, na zisagwe laini, nzima zinakaba. Sisi tulianza kwa ncha ya kijiko ndani ya uji, mbele ya daktari. Hazikumfanya kitu, anazila mpaka leo.

Ana mwaka na miezi 10. Kiangazi, vumbi la Julai likianza, viwiko vinakakamaa, tunarudia kupaka mara nne. Yai bado hali. Wengi huzoea wakikua, na mwezi ujao tutajaribu tena, hospitalini, likiwa limeokwa ndani ya keki. Dagaa anawachukua mwenyewe kwenye sahani yangu, anaanza na vichwa.