Ukirithi klasi, umerithi na madeni yake

Siku mbili zimeniishia kwenye kosa moja. Klasi (kiolezo cha kuundia vitu kwenye programu) ya Ankara imerithi Hati, yaani imechukua kila kilichomo humo, Hati imerithi Rekodi, Rekodi imerithi kitu kinaitwa Msingi, na Msingi nao una mzazi! Kuna mtu alibadilisha mstari mmoja kule juu kwa babu, methodi (kipande cha programu kinachofanya kazi moja) ya kuhifadhi ikaanza kuita methodi nyingine ya ndani, ambayo Ankara ilishaiandika upya kwa shughuli zake. Basi kila ankara ikawa inahifadhiwa mara mbili. Na faili la Ankara halijaguswa na mtu.

Bado mafunzo yote ya kurithi yanaanza na "Mbwa ni Mnyama", klasi ya Mbwa ikirithi ya Mnyama. Asanteni. Miaka yote hii ya kuandika programu sijawahi kuagizwa mbwa.

Ubaya wa kurithi ni kwamba huchagui. Umefuata methodi mbili, unabebeshwa ukoo mzima, na kila anayetumia klasi yako anauona. Tazama lugha ya Java: Stack, klasi ya rundo la vitu, inarithi Vector, klasi ya orodha. Stack ina sheria moja tu, kilichoingia mwisho ndicho kitoke kwanza. Lakini Vector inaruhusu kuchomeka kitu popote, kwa hiyo na Stack inaruhusu. Chomeka katikati, nani atakuzuia? Na hao ndio waliotunga lugha yenyewe! Kosa limo tangu toleo la kwanza la 1996, haling'oki kwa sababu kuna programu zinazolitegemea. Nyaraka zinakuambia tu kwa upole utumie Deque, aina nyingine inayofanya kazi hiyohiyo. Humohumo Java, klasi ya mipangilio, Properties, kurithi klasi ya jedwali, Hashtable, ni kichekesho kilekile.

Si kwamba hawakuonywa. Ushauri wa kutanguliza kuunganisha vitu, yaani klasi kuweka kitu kingine ndani yake, kabla ya kurithi ulishachapishwa kitabuni mwaka 1994. Stack ingekuwa *na* Vector ndani, imeificha, ikatoa nje methodi zake chache, yangeisha. Kwani kulikuwa na ugumu gani?

Haya, kuandika vijimethodi vya kupitisha kazi kwa kitu cha ndani kunachosha. Na kwenye vitufe na madirisha ya skrini, kurithi kunafaa, nakubali shingo upande. Ila lugha ya Go haina urithi wa klasi kabisa na watu wanajenga nayo mifumo mikubwa.

Kesho naitoa Ankara kwenye ukoo ule. Itakuwa na kihifadhi chake ndani, kimoja, ninachokiona. Atakayeniuliza mbona sikurithi, nitamfungulia ankara zilizojirudia azifute yeye.