Nani mwenye "Malaika"? Fadhili William anastahili kusikilizwa zaidi

Ugomvi huu hauishi. Mtanzania ataandika mtandaoni kwamba "Malaika" ulitungwa na Adam Salim na Wakenya wakauiba. Mkenya atamjibu kwa picha ya santuri yenye jina la Fadhili William. Kufikia jioni wimbo umeshasahaulika, watu wanagombania Mlima Kilimanjaro. Siku hizi upepo unavuma upande wa Salim, hasa miongoni mwa wanaojiona wamesoma zaidi ya wengine, na Fadhili amebaki kuitwa mwizi na watu ambao hawajawahi kumsikiliza akiimba, maana toleo walilonalo kichwani ni la Miriam Makeba, mwimbaji wa Afrika Kusini.

Tuanze na hoja ya Salim, kwa sababu ina uzito. Alikuwa Mtanganyika aliyezaliwa 1916, na alieleza kwamba aliutunga wimbo huu mwaka 1945 alipokuwa akiishi Nairobi, akauimba na kikundi chake katika kumbi za huko. Alikuwa na mapenzi na msichana mmoja, wazee wakayakataa, na binti akaozwa kwa mwanamume mwenye fedha zake. Fadhili, Mtaita aliyezaliwa 1938, alikuwa mtoto wa miaka saba wakati huo. Kwa hiyo kama maelezo ya Salim ni ya kweli, Fadhili hawezi kuwa mtunzi wa kwanza, na hapo hakuna ujanja wa maneno utakaomwokoa. Salim hakuwa mtu wa kupiga kelele, na utulivu wake huo umewashawishi wengi kuliko ushahidi wowote. Mimi pia huwa unanishawishi.

Lakini kisa cha msichana hakithibitishi kitu. Kila mdai wa "Malaika" ana msichana wake. Fadhili naye alisimulia hadi uzeeni habari za mwanafunzi aliyempenda ujanani akashindwa kumwoa kwa kukosa mahari. Kuna wengine waliotajwa, akina Grant Charo na Lucas Tututu, wote wa Kenya. Na kwa nini kisa kisipatikane kwa kila mmoja? Wimbo wenyewe unasema kijana anampenda binti, angemwoa, ila mali hana. Basi. Nairobi ya 1945 na Nairobi ya 1960 zote zilijaa vijana wa kazi za mshahara mdogo ambao mahari iliwashinda. Ukiuliza nani alipatwa na masaibu ya wimbo huu, utapanga foleni kutoka Voi hadi Tanga. Kupatwa na jambo si kulitunga, na kumtaja msichana si kuonyesha tuni.

Kinachopuuzwa zaidi ni jinsi nyimbo zilivyoishi miaka ile. Muziki wa dansi wa Kiswahili ulipata nguvu wakati wa Vita vya Pili, wanajeshi wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Waafrika, walipotumbuizwa na vikosi vya burudani; mwanamuziki Fundi Konde alifika nao hadi Burma. Vita vilipokwisha wale wapiga gita na akordioni walirudi na nyimbo walizozibeba kichwani, wakazimwaga mijini. Hakuna aliyekuwa akiandika nota wala kusajili chochote. Mtu alisikia wimbo Pumwani, mtaa wa Nairobi, akaenda nao Mombasa, akabadilisha beti moja kwa sababu amesahau na nyingine kwa sababu yake ilikuwa tamu zaidi. Miaka ya mwisho ya 1950 wakaja wapiga gita wa Katanga, kusini mwa Kongo, Mwenda Jean Bosco na Edouard Masengo, wakakaa Nairobi kwa muda, na kila kijana mwenye gita akaanza kutafuta vidole vyao. Kumpachika mtu wa mazingira hayo neno "wizi" kwa maana tunayoitumia leo ni kumhukumu kwa mahakama ambayo haikuwapo.

Sasa huyu kijana Mtaita. Akiwa na bendi yake ya Jambo Boys aliurekodi "Malaika" mwanzo wa miaka ya 1960, kisha akaurudia mwaka 1963 katika Equator Sound Studios, studio ya Nairobi iliyoendeshwa na Charles Worrod, Mwingereza. Pale Fadhili aliongoza bendi ya studio yenye watu ambao kila mmoja alikuwa nyota kwa haki yake: Daudi Kabaka, na Nashil Pichen na Peter Tsotsi waliotoka Zambia. Bendi ya namna hiyo ingeweza kuupiga wimbo huu kwa mtindo wa twist, uliokuwa ndio moto wa wakati ule, na mauzo yangekuwa mazuri tu. Haikufanya hivyo.

Usikilize kwa makini, si kwenye spika ya simu. Mwendo ni wa taratibu, karibu uvivu. Gita linazunguka palepale bila kujionyesha. Fadhili anaimba kwa sauti nyepesi, kavu kidogo, ya mtu anayezungumza na mmoja tu. Hapandi juu pale ambapo mwimbaji mwingine angepanda, na anapofika kwenye kukosa mali hajiliwazi wala halaumu. Anataja tu, kama mtu anavyosema leo mfukoni hamna kitu. Makeba baadaye aliufanya uwe mkubwa, wa jukwaani, na sauti yake ni ya kukusimamisha ukiwa unapita. Ila maumivu yake ni ya malkia. Ya Fadhili ni ya karani, na wimbo uliandikwa kwa ajili ya karani. Uamuzi wa kuuimba hivyo ulifanywa na mtu fulani, mbele ya maikrofoni, na mtu huyo tunamjua.

Watetezi wa Salim huuita huo "kurekodi tu". Hilo "tu" ndilo linalonikera. Kwa maelezo ya Salim mwenyewe, kati ya 1945 na Fadhili kuingia studio kulipita kama miaka kumi na mitano. Wimbo uliokaa vinywani muda wote huo bila kuvuka kumbi za Nairobi ulivuka bahari ndani ya miaka michache baada ya santuri ya Fadhili. Makeba alifika Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mwaka 1965 ukatoka ndani ya albamu aliyoimba na Harry Belafonte wa Marekani, na albamu ile ikapata tuzo ya Grammy mwaka 1966. Mwaka 1967 The Hep Stars wa Uswidi, kinanda akiwa nacho Benny Andersson ambaye baadaye angekuwa mmoja wa kundi la ABBA, waliufanya uvume kwao. Kundi la Boney M. la Ujerumani likautoa 1981. Angélique Kidjo wa Benin akaurudia 1991. Hawa wote walishika tuni ileile, mwendo wa familia ileile. Wimbo mzuri usiowahi kupata mtu wa kuusimamisha hufa na kizazi chake, na wa aina hiyo Afrika Mashariki imezika wengi.

Najua jibu litakalokuja, na ndilo jibu gumu kuliko yote. Kama anayerekodi ndiye mtengenezaji, basi tumempa ushindi yeyote aliyekuwa karibu na maikrofoni. Wazee wote wa Tanga, Ujiji na Lamu waliotunga bila kuona studio wamekwisha. Mlango wa studio Nairobi ya kikoloni haukuwa wazi kwa kila mtu. Hoja hii siipuuzi. Na Fadhili mwenyewe aliifanya iwe nzito zaidi kwa kudai utunzi wote, mwanzo hadi mwisho, badala ya kusema wimbo ulimfikia vipi. Kama aliusikia kwa mtu, lugha ya kumtaja mtu huyo ilikuwapo, na angeitumia leo tusingekuwa na mjadala. Hilo ni deni lake. Lakini kudai zaidi ya haki yako si sawa na kutokuwa na haki yoyote, na mjadala wetu umeruka moja kwa moja kutoka la kwanza hadi la pili.

Sheria, kwa bahati mbaya, haikumtendea haki hata yeye. Sheria ya hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inautenga wimbo na rekodi. Utunzi unalindwa hadi miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka aliofariki mtunzi. Rekodi inalindwa miaka 50 tangu mwisho wa mwaka iliporekodiwa. Chukua kalamu upige hesabu. Rekodi ya 1963 ulinzi wake kwa kipimo hicho uliisha mwisho wa 2013. Fadhili alifariki Februari 2001, miaka michache baada ya kurejea kutoka Marekani alikoishi muda mrefu. Kama ni mtunzi, wimbo una ulinzi hadi mwisho wa 2051.

Maana yake ni kwamba kile ambacho hakuna anayebisha kwamba Fadhili alikifanya, yaani sauti ile, mwendo ule, bendi ile, kimeshakuwa cha kila mtu. Kinachobaki na thamani ya fedha ni kile hasa tunachogombania. Ndiyo sababu kila mdai, na kila mrithi wa mdai, analazimika kusema "nilitunga", kwa sababu "niliutengeneza nikaufikisha" hakulipi mirabaha. Tumewawekea watu mizani yenye sahani moja kisha tunashangaa kwa nini wote wanairukia. Ningekuwa Fadhili mwaka 1963, nikijua kazi yangu ya studio italindwa kwa muda mfupi kuliko maneno machache kuhusu mahari, huenda nami ningedai maneno.

Hata hivyo sheria hiyohiyo ina mlango ambao wachambuzi wetu hawaugusi. Inasema kazi ya muziki hupata ulinzi ikiwa imetumiwa juhudi ya kutosha kuipa sura yake yenyewe, na ikiwa imeandikwa, imerekodiwa au imewekwa katika umbo la kudumu. Inaongeza kwamba kazi haikosi ulinzi kwa sababu tu kuitengeneza kulikiuka haki ya kazi nyingine. Soma kipengele hicho cha mwisho tena. Hata tukikubali kila neno la Salim, bado haifuati kwamba Fadhili alibaki mikono mitupu. Mpangilio wake unaweza kuwa kazi yake, na Salim akabaki na dai lake juu ya msingi. Bila shaka santuri yenyewe ilizaliwa chini ya sheria nyingine, na mwanasheria atanikumbusha. Nasema tu kwamba wazo la wenye haki wawili wasiowahi kukaa meza moja si geni kwa sheria, ni geni kwa mjadala wetu.

Wakati tukivutana, wa tatu anapita. Kuna santuri za Ulaya zilizouandika "Malaika" kuwa wimbo wa jadi, na jadi haidai malipo. Kila Mtanzania na Mkenya anapoandika "haijulikani nani alitunga", au lile la kuridhisha wote, "ni wimbo wetu sote Waswahili", anampa mwenye kampuni ya muziki karatasi anayoitafuta. Hapa Salim na Fadhili walikuwa upande mmoja bila kujua. Watunzi wenye majina, waliozaliwa miaka inayojulikana, waliotembea Nairobi hiihii, wanageuzwa kuwa kabila.

Kila mwandishi wa habari hii hukimbilia kejeli ya kwamba wimbo wa mtu asiye na fedha umewatajirisha wengine. Ni kweli, na imechoka. Mimi hunishangaza zaidi harusi. Nenda ukumbi wowote Mombasa au Dar, maharusi wanaingia, bendi inapiga "Malaika", na kamera zinapanda juu. Wimbo wa bwana aliyeshindwa kuoa! Hakuna anayeona tatizo, na sidhani kama lipo. Mwendo ule wa taratibu unafaa kuingilia ukumbini, na hapo pia ni kazi ya Fadhili inayotumika, si kisa cha msichana wa mtu. Bendi za hoteli za Diani huupiga kila jioni baada ya "Jambo Bwana", mtalii akaimba kipande anachokijua, na mpiga gita wa hoteli hiyo, awe amewahi kusikia jina la Adam Salim au la, anafuata njia iliyochongwa Equator.

Kwa hiyo ningeambiwa niandike lebo ya santuri leo, singeandika "jadi", na singefuta jina la Fadhili ili kumwandika Salim. Ningeandika: wimbo unaodaiwa na Adam Salim, 1945, mpangilio na sauti, Fadhili William na bendi yake. Wakenya wengi wataona nimetoa kingi mno kwa kuweka mwaka 1945 pale mwanzo. Watanzania wataona neno "unaodaiwa" ni tusi. Mimi nitaliondoa siku atakapojitokeza mtu na rekodi ya Salim ya miaka ile tuisikilize pamoja na ya Fadhili, moja baada ya nyingine, na hata siku hiyo mstari wa pili wa lebo utabaki palepale.