Kisichanwe kurasa

Mwandishi wa habari ya kitabu hiki cha kale kinachouzwa ametaja bei na jalada la nakala hii ya Vitruvius, yaani kitabu cha usanifu majengo cha Mrumi wa kale mwenye jina hilo, iliyochapwa mjini Como, Italia, mwaka 1521, lakini kilichomo ndani amekipita juu juu. Hii ndiyo tafsiri ya kwanza ya Kiitaliano kuchapishwa, kazi ya Cesare Cesariano. Vitruvius aliandika kwa Kilatini zama za Kaisari Augusto na michoro yake ikapotea, kwa hiyo Cesariano ilibidi achore upya kwa kufuata maneno. Alipotaka kuonyesha ramani na mkato wa jengo (sura yake kama limepasuliwa wima), alichukua kanisa kuu la Milano, lile lenye vilele vilivyochongoka, akachora pembetatu juu yake kuonyesha vipimo. Hapo ndipo utamu wote: kitabu cha Mrumi wa kale kuelezwa kwa kanisa! Tena ukurasa umepangwa kama vitabu vyetu vya fiqhi: matini kwa herufi kubwa, sherehe, yaani ufafanuzi wake, kwa herufi ndogondogo imeizunguka. Maskini, aligombana na wafadhili wake, wengine wakaimalizia kazi.

Ombi langu kwa mnunuzi: usikichane. Wapo wafanyabiashara wanaokata kurasa zenye picha na kuziuza mojamoja kwenye fremu, na picha hizi bila maelezo yake hazisomeki. Maktaba ya umma ikikipata, wanafunzi wa usanifu majengo watakifungua kikiwa kizima.