Namba ya nyumba haitoshi kijijini

Operesheni ya Anwani za Makazi, ya kuzipa nyumba namba na njia majina, ilizinduliwa Tanzania Februari 2022, miezi michache kabla ya sensa ya Agosti. Iliacha namba kwenye kuta na majina kwenye njia ambazo hapo awali zilikuwa njia tu. Mjini faida imeonekana upesi. Vijijini ubishi haujaisha.

Wanaoitetea huanza na usiku. Mjamzito anavuja damu saa nane, ndugu wanapiga 115, namba ya bure ya m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura kwa wajawazito. Anayepokea simu anaweza kuwa makao makuu ya mkoa na hajawahi kukanyaga kijiji hicho. Akiambiwa "Majengo, ukipita mwembe mkubwa", itabidi kwanza aulize ni Majengo ipi, maana zimejaa nchi nzima. Mwembe nao hukatwa mkaa na duka la kuelekezea hufungwa. Namba inabaki.

Wanaoitilia shaka nao hawasemi ovyo. Postikodi yetu yenye tarakimu tano inaishia kwenye kata, na kata ya shamba inaweza kuwa na vijiji kadhaa. Baada ya hapo unategemea jina la njia na namba ya nyumba. Namba ya rangi kwenye ukuta wa tope haivumilii masika mengi, na kibao cha chuma kina soko kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Programu ya simu ya NaPA, ya kutafutia anwani hizi, inaelekeza vizuri, ila inataka simujanja yenye chaji na mtandao. Tena m-mama hutumia madereva jamii, watu wa huko huko, ambao wengi wao hawahitaji namba kufika kwa jirani.

Nionavyo, pande zote mbili zinasema "kijiji" kana kwamba vyote vimejengwa sawasawa. Vijiji vilivyopangwa enzi za Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 mara nyingi vina nyumba zilizojipanga kando ya barabara. Huko namba inakaa vizuri. Nenda kwenye vihamba, yaani mashamba ya ukoo, vya Kilimanjaro au migombani Kagera, nyumba zimezama ndani ya mashamba na kinachofika mlangoni ni kichochoro cha miguu. Hapo kibao cha ukutani hakionekani mpaka uwe umeshafika.

Ndiyo maana fedha ya vibao ningeipeleka njia panda: kibao kinachoakisi taa za gari, chenye jina la kitongoji na namba za nyumba zilizo upande ule. Namba zenyewe zifuate umbali kutoka mwanzo wa njia, ili nyumba mpya ikijengwa katikati isivuruge zilizopo. Simu ya mwenyekiti wa kitongoji iwe mbele ya mpokeaji wa dharura, na ibadilishwe kila baada ya uchaguzi wa serikali za mitaa. (Kwa moto sina matumaini makubwa: gari la zimamoto likitoka makao makuu ya wilaya, hata anwani safi haiokoi nyumba ya nyasi.)

Tatizo jingine ni kwamba wenye nyumba wengi hawaijui namba yao. Kwa wajawazito dawa ipo karibu: muuguzi aiandike kwenye kadi ya kliniki tangu hudhurio la kwanza, pamoja na njia panda ya kuingilia, ili anayepiga simu asome tu.