Mwambieni daktari kulikuwa na mwanga gani

Mtoto akianguka kifafa, mitaani kwetu Ng'ambo, Zanzibar, swali la mwanzo huwa ni nani kamtupia jicho. Kombe, yale maji ya kunywa yaliyooshewa aya za Qur'ani, litatafutwa, ubani utafukizwa. Sina ugomvi na dua hata kidogo. Kinachoniuma ni kwamba hakuna anayeuliza mtoto alikuwa anatazama nini.

Wapo ambao kifafa chao huamshwa na mwanga wa kuwakawaka. Si wengi, kama watatu katika kila wagonjwa 100 wa kifafa, lakini zaidi ni watoto na vijana, na wasichana kuliko wavulana. TV, mchezo wa simu, taa za harusini, hata jua linalopenya minazini gari ikienda kasi. Disemba 1997, huko Japani, watoto zaidi ya 600 walipelekwa hospitali baada ya katuni ya Pokémon kumulika nyekundu na buluu kama mara 12 kwa sekunde. Hao hawakurogwa wote kwa mpigo.

Jirani yangu alikataa kipimo cha mawimbi ya ubongo, akihofia binti yake atapigwa shoti. Jamani, zile waya hazipeleki umeme. Zinapokea tu umeme mdogo unaotoka kwenye ubongo wenyewe. Misuko inafumuliwa, nywele zinaoshwa na hazitiwi mafuta. Waya zinabandikwa kichwani, mtoto anaambiwa avute na kutoa pumzi kwa nguvu kama dakika tatu, kisha anamulikwa taa inayowaka na kuzima kwa kasi mbalimbali. Mawimbi yakibadilika, mpimaji anaizima. Haiumi.

Ila majibu yakitoka safi, msishangilie mapema. Siku hiyo ubongo unaweza kutulia, na kifafa kikawa kipo. Ndiyo maana maneno ya mama aliyeshuhudia yana uzito sawa na kipimo. Tukiishia kusema "kaanguka tu, daktari", tunamfumba macho. Semeni: chumba kilikuwa giza? Alikaa karibu na TV? Mikono ilimshtuka asubuhi kabla ya chai? Mwengine akimshika mtoto, wewe rekodi kwa simu.

Mwanga ukimsumbua, azibe jicho moja kwa kiganja na ageukie pembeni. Kufumba yote mawili ghafla kunaweza kuzidisha. TV aitazame kwa mbali, taa ya chumba ikiwaka. Akianguka, mlazeni ubavu, msimtie kijiko mdomoni. Zikipita dakika tano hajatulia, hospitali mbio.