Hiyo sabufa itoeni konani

Jumapili niliitwa Kimara kwenda kusikiliza sabufa mpya ya shemeji. Si kula. Kusikiliza. Wali ulikuja baadaye, na nina hakika hata mchuzi ulikuwa unatetemeka bakulini.

Sebule yake ni futi 12 kwa 12, tofali za saruji, vigae chini, pazia jepesi, makochi yamebanwa ukutani pande tatu kama kwetu sote. Sabufa imesukumwa konani kabisa, imebanwa kati ya kabati la TV na ukuta. Tundu lake la nyuma linapumulia kwenye plasta. Juu kimetandikwa kitambaa cha kufuma, cheupe, cha maua, na kimeshuka ubavuni hadi kuziba vile vijitundu vya kutolea joto. Shemeji akazungusha kitufe cha besi mpaka kikagoma, akanitazama kama mtu anayesubiri hongera.

Akaweka wimbo wa dansi wa enzi za Redio Tanzania, RTD. Huo wimbo ninaujua. Gitaa la besi mle ndani linatembea: linapanda, linasita, linamchokoza mwimbaji, linashuka tena taratibu. Nilichosikia ni buuu. Buuu, buuu. Mpigaji alihangaika na vidole vyake usiku mzima studio ili miaka 40 baadaye shemeji yangu ambadilishe awe jenereta. Vikombe vya kabatini ndivyo vilivyokuwa vinapiga solo.

"Unaionaje, shemeji?"

"Ina nguvu."

Sikudanganya. Nguvu inayo, na hapo ndipo ninapogombana na nusu ya mji huu. Jamani, besi ni noti! Ina sauti ya kupanda na kushuka kama gitaa lolote. Ukisikia mgongano mmoja tu wimbo mzima, husikilizi besi, unasikiliza chumba chako kikilalamika.

Maana kila chumba kina noti yake. Sauti ikigonga ukuta inarudi, ikakutana na nyingine inayokuja, na kwenye sebule ya futi 12 mitetemo ya kama 47 kwa sekunde ndiyo inayoenea barabara kutoka ukuta hadi ukuta, ikajazana. Waya mnene wa gitaa la besi unaanzia mitetemo 41, na noti yake ya G ya chini ni 49. Kwa hiyo mpigaji akikaribia hiyo G, nyumba nzima inanguruma. Akihama, besi inanywea. Na kwa kuwa sebule ya shemeji ni mraba, kosa la urefu linarudiwa na upana, yote mawili kwenye noti ileile. Saruji nayo haimezi kitu, inarudisha kila inachopewa. Sasa kona ndipo mahali pa kuyachokoza mawimbi hayo yote kwa mpigo. Ndipo fundi aliyeifunga alipoiweka.

Huniamini? Nilijaribu palepale. Niliketi kochini, kisogo karibu na ukuta: kifua kinagongwa. Nikahamia mkekani katikati ya sebule, alipokuwa mpwa wangu anachezea magari yake: besi haipo. Imepotea! Hatua mbili tu. Mtoto wa watu anasikia muziki wa redio ya mkulima, baba yake kochini anatikiswa meno, na wote wako chumba kimoja.

Haya, nikiri kidogo. Fundi hakukosea kila kitu. Konani sauti inaongezeka bure, na kisabufa chenye spika ya inchi tano kinahitaji kila msaada kinaoupata. Pia najua soketi iko moja na waya za spika ndogo zinazokuja kwenye boksi hazifiki popote. Lakini waya wa spika unauzwa kwa mita, hela ya chipsi mayai inatosha.

Dawa niliyoifanya ni ya aibu ila inafanya kazi. Unaipandisha sabufa kochini, pale pale anapokaa mwenye nyumba. Unaweka wimbo wenye besi inayotembea. Kisha unapiga magoti na kutambaa kando ya kuta, sikio likiwa usawa wa sakafu, unatafuta mahali ambapo kila noti inasikika sawa na mwenzake. Ukipapata, sabufa inahamia hapo. Nilikuwa nimefika nyuma ya meza ya chakula, matako juu, mama yake shemeji akatoka jikoni.

"Mwanangu, umedondosha nini?"

"Natafuta besi, mama."

Akarudi jikoni bila neno.

Tahadhari moja. Hizi sabufa zetu za spika mbili ndogo hazina kitufe cha kuchagua sabufa iishie wapi, na vile vispika havishuki chini, kwa hiyo sabufa inabeba hadi sehemu ya sauti ya mtu. Ukiipeleka mbali na TV, mwigizaji anaongea mbele na koo lake liko mlangoni. Basi isogeze kwenye ukuta uleule wa TV, iache kona, iende kuelekea katikati. Wenye sabufa ya kujitegemea yenye kitufe hicho, anzieni mitetemo 80 kwa sekunde, halafu zungukeni chumba mtakavyo. Na tundu la nyuma liachieni upana wa kiganja lipumue.

Tuliihamisha na kutoa kitambaa, besi tukairudisha nusu. Wimbo uleule. Shemeji akanyamaza. Dakika ya pili akasema, "Kumbe kuna mtu humu." Kulikuwa na mtu, ndiyo. Alikuwepo tangu mwanzo.

Wati nazo, zile 9,000 kwenye boksi, sitaki hata kuanza. Plagi ya fyuzi ya ampia 13 haipitishi hata wati 3,000, na pasi yako ya wati 1,000 tu unaichungulia mita ya LUKU ukiiwasha. Geuza sabufa usome kibandiko cha nyuma: wati 60. Hizo 8,940 zilizobaki labda zinatoka kwa mganga.

Wenye homu thieta ya spika tano iliyounganishwa na kile kiwaya cha tundu la hedifoni, mnapata njia mbili tu za sauti. Hizo nyingine ni mapambo.

Majirani? Kanuni za kelele na mitetemo zipo tangu 2015 na wasimamizi wa mazingira wapo, ila jirani wa shemeji ana kibanda cha singeli, kwa hiyo tuache.

Jumatatu jioni shemeji akanitumia picha kwa WhatsApp. Sabufa iko konani. Kitambaa juu. Juu ya kitambaa, chombo cha maua ya plastiki.

"Mama kasema ilikuwa inaziba njia."